Sauti Niliyoiba Sange

Msomaji mmoja wa Kavimvira ameliandikia gazeti hili kwamba mimi ni mwizi wa kawaida. Amekosea. Mwizi wa kawaida anaiba mbuzi kwa sababu ana njaa, na akishikwa analia. Mimi niliiba nikiwa nimeshiba, sikushikwa, na kwa majuma matatu nilitembea Uvira kifua mbele nikipokea salamu.

Na kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kabla hajalisoma, nasema haya mara moja tu.

Naitwa Antoine, lakini hapa Mulongwe, mtaa wangu wa Uvira, wananiita Toni Sikio. Nina kibanda kando ya barabara, najaza nyimbo kwenye flash na simu za watu. Kwa miaka ishirini nimependa muziki wa aina tatu: soul, hip-hop, na ule wa mashine wanaouita elektroniki. Kwa miaka hiyo hiyo nimewadharau wote wasioupenda, yaani karibu mji mzima. Dharau hiyo ilinifukuzisha kazi ya radio, ikanimalizia marafiki. Hayo mmeshayasoma.

Wiki iliyopita nilieleza jinsi Ninahazwe, mwanamke wa miaka ishirini na sita anayefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Sange, bondeni, alivyoniletea flash. Ndani yake mlikuwa na wimbo alioutengeneza kwa simu: mapigo ya ile mashine, na juu yake sauti ya mwanamke anayeimba Kirundi. Nilimcheka mbele ya watu. Nikamwambia arudi akakoboe mpunga. Aliondoka kwa aibu, akaisahau flash yake. Siku mbili baadaye niliusikiliza ule wimbo peke yangu, mara thelathini. Kisha nikaukata, nikaupanga upya, nikaupachika jina langu, nikautoa.

Hapo ndipo tulipoachia.

Wengi wenu hamtaelewa nilichosikia katika ile flash, kwa hiyo nitaeleza polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji.

Anayeimba soul hapigi kelele. Ameumia, na anakuambia kwa upole, kama jirani anayeomba chumvi. Hip-hop inachukua kipande cha zamani kilichosahauliwa, inakirudia mpaka kinakuwa nyumba ya mtu mwingine kukaa. Na muziki wa mashine, ule mzuri, unapumua. Unaufahamu tumboni kabla haujafika sikioni. Nilivitafuta vitu hivyo vitatu miaka ishirini katika nyimbo za ng'ambo. Nikavikuta vyote pamoja katika flash yenye vumbi la pumba kutoka Sange, mahali ambapo mimi hushuka kwenye taksi kununua mchele tu.

Hilo ndilo lililoniuma. Si kwamba wimbo ulikuwa mzuri. Ni kwamba haukuwa wangu.

Basi, ulitoka Jumatatu. Kufikia Ijumaa ulikuwa kwenye kila pikipiki. Wanawake wanaoanika ndagala kule Kalundu waliuimba. Kinyozi wa jirani yangu, ambaye mwaka mzima aliniambia nizime kelele zangu za wazungu, aliniomba nimjazie kwenye simu mbili, yake na ya mama yake.

Nilimjazia. Nikamtazama anavyotingisha kichwa, nikamdharau zaidi kuliko zamani. Kitu kile kile alichokicheka mwaka mzima, sasa anakicheza kwa sababu wengine wanakicheza.

Mtu wa kwanza kunitia mchanga katika chakula alikuwa bibi yangu, yaani mke wangu.

Pudentienne alizaliwa Kiringye, bondeni pia, Kirundi ni lugha aliyoinyonya. Mimi ni mtu wa ufukweni, sijui Kirundi, na sikuwahi kuona haja. Asubuhi moja alikuwa anachambua mboga za lenga-lenga mlangoni, wimbo ukipita barabarani.

"Weye unajua ule mama iko nasema nini?"

"Muziki hauhitaji tafsiri, Puda."

"Iko naimba juu ya batoto na maji. Halafu anaacha kuimba, anabaambia: mufunge mulango, mvua inakuja. Weye umemukata hapo. Unamurudisha. Mufunge mulango, mufunge mulango, mara makumi ine. Uvira muzima inacheza mulango."

"Wanacheza mapigo."

"Ni nani ule mama?"

"Sauti tu."

"Sauti haikosi mwenyewe."

Nikamweleza, kwa uvumilivu mkubwa, kwamba hip-hop yote imejengwa kwa kuokota. Watu waliokota vipande vya sahani za muziki za wazee wao, wakavijengea dunia mpya. Ndiyo sanaa yenyewe.

Aliendelea na majani yake.

"Unaokota kintu chenye kimeanguka," alisema. "Hii ilianguka?"

Mtu asiyejua besi ni nini huwezi kubishana naye. Ndivyo nilivyojiambia.

Kisha Bertrand akapiga simu.

Bertrand ndiye aliyenitoa radio. Ni mtu ambaye akisikia besi anadhani spika imeharibika. Aliniita kwa sauti tamu, "kaka Toni", akaniomba nije kwenye kipindi chake cha Jumamosi, saa tisa mchana, wasikilizaji wapige simu na kuuliza maswali.

Nilimfanya aombe mara mbili. Nilivaa shati jeupe. Nilipoingia, wafanyakazi walewale waliocheka siku nilipofukuzwa walisimama kunipa mkono, na mimi nikawapa vidole viwili.

Kwa nusu saa niliongea peke yangu. Nilieleza soul, nikaeleza hip-hop, nikasema Uvira imelala miaka ishirini na mimi nimeiamsha. Bertrand alikuwa anakubali kila neno kama mwanafunzi aliyechelewa.

Kisha akauliza, "Na ule mama anayeimba? Watu wanataka kumujua."

Nilikuwa na jibu tayari. Uongo wangu huwa na shati safi.

"Ni mwimbaji wa Bujumbura. Tulirekodi naye kwenye studio."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Mwanamke mwenye kipaji, lakini ilibidi nimwelekeze sana."

Bertrand akafungua simu. Wa kwanza alinisifu. Wa pili alinisifu. Wa tatu alikuwa na sauti ya mtu mzima, taratibu, na nyuma yake kuku walikuwa wanalia.

"Minye naitwa Anastase. Niko Sange. Niko na swali moja tu."

"Karibu, mzee," nikasema.

"Ule mama, unasema ulimuona mwezi uliopita?"

"Ndiyo."

"Kwa macho yako?"

"Mzee, nilikaa naye siku tatu."

Kuku wakaendelea.

"Ule ni bibi yangu," akasema. "Nilimuzika mwaka jana, mwezi wa munane."

Sijui kama mmewahi kusikia radio ikinyamaza. Bertrand aliangalia mikrofoni, akaniangalia mimi, kisha akaweka wimbo wa kwaya. Alikuwa akitabasamu. Miaka yote nilimwona mpumbavu, kumbe alikuwa mtu anayengoja.

"Toka," alisema.

"Bertrand, niache nieleze."

"Uende uelezee muzee. Hapa tumesikia."

Nilitembea kwa miguu mpaka Mulongwe. Kila duka lenye radio lilikuwa limeshajua. Kinyozi alitoka nje, akanitazama, akarudi ndani.

Sasa lazima niseme mambo mawili ambayo wiki iliyopita niliyaficha, kwa sababu hata mtu anayeungama ana ubahili wake.

La kwanza. Ninahazwe alirudi kutafuta flash yake. Alirudi mara mbili. Mara zote nilimwona akishuka kwenye taksi, nikafunga kibanda, nikajificha ndani mpaka alipochoka kugonga. Kulikuwa na joto mle ndani. Nilikaa juu ya ndoo nikisikiliza vidole vyake kwenye bati, nikimwita mshamba moyoni ili nisijiite jina jingine.

La pili. Ile flash haikuwa na wimbo peke yake. Ilikuwa pia na sauti yenyewe ya asili, ndefu, kabla haijawekwa kwenye mapigo: mwanamke anaimba, anaongea na watoto, anaimba tena. Mwishoni kabisa anacheka, halafu anasema neno moja fupi ambalo sikulishika. Niliisikiliza yote mara moja tu. Nilichukua vipande vilivyonifaa. Kile kicheko na lile neno havikuingia kwenye mapigo, nikavitupa. Baadaye nikafuta flash yote, nikaijaza nyimbo za injili, nikamuuzia abiria mmoja aliyekuwa anaelekea Baraka. Hata jina lake sikumuuliza. Kwenye ordinatere, kompyuta yangu ya kibandani, vilibaki vipande kumi na kimoja, kila kimoja kifupi kuliko chafya.

Jumatatu asubuhi walikuja wote wawili, baba na binti.

Nilitarajia polisi. Nilitarajia fimbo. Nilikuwa nimeandaa hata maneno ya kumdharau mzee mkulima anayetaka kutajirika kwa wimbo asioujua. Anastase alivua kofia yake, akanipa mkono kwa adabu, akaketi kwenye benchi. Ninahazwe alibaki amesimama, macho chini.

"Sikuja juu ya wimbo," alisema mzee. "Wimbo weye uwe nayo. Batu bacheze. Marehemu alipenda kucheza."

Aliweka kofia yake magotini.

"Simu ya huyu mutoto iliingia maji, ikakufa. Yote yenye ilikuwa ndani ilikufa. Anasema sauti ya mama yake, yote nzima, ilibaki kwako."

"Ndiyo," nilisema. Neno lilitoka lenyewe.

Ninahazwe aliinua macho haraka, akayashusha.

"Jumamosi tunaondoa kilio," mzee akaendelea. "Mwaka umetimia. Bandugu banatoka Kiringye, banatoka Mutarule. Nataka basikie yeye mwenyewe anaimba, toka mwanzo mpaka mwisho. Mpaka mwisho, umesikia? Sababu huyu mutoto ananiambia mwishoni mama yake anasema jina yangu."

Alitabasamu kidogo.

"Weye uko na bibi, utaelewa. Miaka makumi mbili na sita aliniita Baba Nina, kwa jina ya huyu mutoto. Hata siku moja hakuniita Anastase. Sasa nasikia aliniita, kwa kucheka, na minye sikuwa karibu. Nataka kusikia. Iko?"

Nilitazama ile kofia magotini pake. Ndugu zangu, mimi nimemdharau mwalimu aliyenifundisha, padri aliyenibatiza, na karibu kila mtu anayenunua nyimbo kwangu. Lakini sikuweza kumwambia yule mzee kwamba nimeitupa sauti ya bibi yake kwa sababu haikuingia kwenye mapigo.

"Iko," nikasema.

"Utaleta?"

"Nitaleta, na spika zangu mwenyewe."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alinishukuru. Mimi.

Walipoondoka, Pudentienne alitoka nyuma ya kibanda, alikokuwa anafua.

"Uko nayo?"

"Hapana."

Alikamua nguo aliyokuwa ameishika mpaka tone la mwisho.

"Sasa utapeleka nini Sange?"

Mtu mwenye akili angepanda taksi siku ileile, akamfuata mzee na kusema kweli. Mtu mwenye akili. Mimi nilikuwa na kipaji.

Nilifunga kibanda siku tatu. Nilikaa mbele ya ordinatere na vile vipande kumi na kimoja, nikaanza kumtafuta Anastase ndani yake. Nilimwomba Puda anitafsirie kila neno, naye alinitafsiria akidhani natafuta njia ya kuomba radhi. Siku hizi najua maneno matatu ya Kirundi. *Abana* ni watoto. Nilikata mwanzo, ikabaki "ana". Kulikuwa na mahali anamnyamazisha mtoto, "sss", nikaichukua. *Data* ni baba, nikachukua "ta". *Amazi* ni maji, nikachukua "zi".

Ana. S. Ta. Zi. Ndivyo watu wa bondeni wanavyolitamka.

Mwanzoni ilisikika kama mtu anayepaliwa. Nikalainisha viungo. Nikashusha sauti mwishoni, kama mtu anayemwita anayempenda na kuona aibu. Pumzi moja kabla ya jina niliitoa kati ya mistari miwili ya wimbo. Kicheko sikukipata, nikaweka mlio wa mashine ukipungua.

Alhamisi saa kumi jioni nilibonyeza, nikasikia mwanamke aliyekufa anamwita mume wake kwa jina.

Miaka ishirini nimesikiliza watu wakubwa wa kazi hii, nikijua ndani yangu kwamba mimi sina kitu. Hicho ndicho kitu pekee kizuri kabisa nilichowahi kutengeneza. Na kilikuwa uongo.

Puda alikuwa mlangoni. Amesikia.

"Unaona?" nikamwambia. "Mzee atafurahi. Nani ataumia?"

"Marehemu hasemeshwi, Antoine."

Haniiti Antoine. Miaka yote ni Toni, au Baba Mapendo, kwa jina la mtoto wetu.

"Basi niambie wewe nifanye nini."

"Minye? Miaka yote unaniambia sina masikio. Leo unataka kinywa yangu?"

Akaenda zake kupika. Na mimi, badala ya kuona haya, nikawaza kwamba hata huyu haelewi ukubwa wa kazi niliyoifanya.

Ijumaa mchana Ninahazwe alikuja peke yake. Safari hii sikufunga kibanda.

Hakuketi. Alikuwa na kitenge cha kazini, pumba kwenye nyusi.

"Papa Toni, minye nilikuja kukuomba kitu moja. Kesho useme imepotea."

"Kwa nini?"

"Useme ordinatere imeharibika. Useme imeibiwa. Sema chochote. Weye unajua kusema uongo, Sange bote tulikusikia."

Nilistahili hilo, na likanikasirisha.

"Baba yako anataka kusikia jina lake. Nitampa. Sikiliza."

Nikambonyezea.

Alisikiliza akiwa amesimama. Mama yake aliimba, vile vipande nilivyoviunganisha vizuri hata wewe usingejua, aliwaambia watoto wafunge mlango, mashine ikapungua, pumzi moja, kisha, "Anastazi."

Ninahazwe alikaa chini, palepale sakafuni. Nilidhani ni furaha.

"Hakusema hivi," alisema.

"Unasema nini?"

"Minye ndiye nilirekodi. Nilikuwa na simu kwa mukono. Mama hakusema jina ya baba."

"Wewe ndiye uliyemwambia baba yako!"

"Nilimudanganya. Siku ile ya radio alikuwa analia, ananiuliza kama kuna ingine, kama kuna zaidi. Nilitaka anyamaze. Nilijua simu imekufa. Na weye, nilikugongea mara mbili unajificha, nikajua umeshafuta. Nikasema, basi, nitamupa kitu kizuri chenye hakuna mtu anaweza kukitafuta. Halafu tunakuja hapa, unamuambia iko. Wiki muzima sijalala."

Nilimuuliza swali ambalo hata ninyi mnaliuliza.

"Mama yako alisema jina la nani?"

Alipangusa uso kwa kitenge.

"La mwanaume mwingine. Kesho atakuwa pale. Atakaa mustari wa mbele, na batamupa kiti."

Barabarani pikipiki ilipita na wimbo wangu, mufunge mulango, mufunge mulango.

Ninahazwe aliitazama ordinatere kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

"Umeitengenezaje hii?"

"Kwa vipande."

"Irudishe."

Nikairudisha. Alisikiliza mara tatu. Mara ya tatu midomo yake ilifuata.

"Ni muzuri," alisema. "Umenichekea wimbo yangu mbele ya batu, umeiiba, umemukata mama yangu kama nyanya. Na sasa umefanya kitu ambacho minye singeweza." Alisimama, akajikung'uta. "Kesho upige hii. Baba afe na raha. Minye na weye tutanyamaza."

"Na nikikataa?"

Alinicheka. Kicheko kifupi, bila furaha, cha mtu anayekujua.

"Weye, ukatae kusikilizwa?"

Jumamosi nilipanda na spika zangu hadi Sange. Pudentienne alikuja pia. Tulipofika alikwenda kukaa na wanawake upande wa pili, kana kwamba nimekuja na mtu mwingine.

Walikuwa wametandaza bashe, turubai kubwa, uani, viti vya kukodi, sufuria za wali zikichemka pembeni. Watu kama themanini. Padri alishamaliza misa na kuondoka. Nilipanga nyaya zangu nikiwatazama wanaume wa mstari wa mbele: watano, wote wa umri wa Anastase, wote kwa mashati yao ya Jumapili. Sura za wakulima, ambazo siku nyingine nisingezitazama mara mbili. Nilitafuta ni yupi. Mmoja alikuwa anakunywa soda. Mmoja alikuwa anasinzia. Mmoja aliniuliza kama spika zinapiga kwa nguvu.

Ninahazwe alisimama karibu na mlango wa nyumba. Tulitazamana mara moja.

Anastase aliinuka, akavua kofia.

"Bandugu, mumekuja, nashukuru. Huyu ni Antoine wa Uvira. Mumemusikia kwa radio. Alikosa, na amekuja kutengeneza. Tumupokee."

Wakapiga makofi. Nusura niondoke hapo hapo.

"Sasa atatupigia sauti ya marehemu. Lakini mbele ya kupiga, niko na neno."

Aligeuka akawatazama wanaume wa mbele, mmoja mmoja, bila haraka. Kisha akamtazama binti yake.

"Siku ile Nina anarekodi mama yake, bote balijua minye niko shambani. Sikuwa shambani. Nilikuwa narudi na gunia, nikasimama nyuma ya ukuta ya mashine. Nilisikia wimbo yote. Nilisikia na mwisho yake."

Aliyekuwa anakunywa soda aliishusha chupa chini polepole.

"Mwaka muzima nimenyamaza. Nilimuzika na nikanyamaza. Nilifikiri hakuna mutu mwingine ataisikia tena, hata Mungu. Halafu Mungu akanionyesha huyu ndugu wa Uvira yuko nayo nzima. Sitasema jina kwa kinywa yangu, batasema namuchafua marehemu. Nataka aseme yeye mwenyewe, mbele yenu bote."

Ninahazwe alishika nguzo ya mlango. Kule kwa wanawake, Pudentienne alikuwa ameinuka kwenye mkeka, ananitazama mimi tu.

Mzee alivuta kiti chake hadi mbele ya spika, akaketi, akaweka kofia gotini.

"Bonyeza, kijana yangu," alisema. "Na usikate kitu."

Watu themanini waliweka mikono mapajani. Jina pekee lililokuwa tayari kutoka kwenye spika lilikuwa lake mwenyewe. Nilikuwa na kinywa cha kusema kweli, na nilikuwa na kidole.

Nikabonyeza.